Alhamisi, Saa Moja Jioni

Chini ya jengo letu, Norrköping, mtaa wa viwanda vilivyokufa,
kuna chumba cha kufulia: mashine tatu, kikaushio kimoja,
na ubao wenye matundu, siku saba na saa zake.
Kila nyumba ina kufuli lake dogo lenye namba.
Ukilichomeka tunduni, saa hiyo ni yako.
Hakuna askari, hakuna faini.
Miaka kumi na tisa nimemwona mmoja tu aliyefua kwa saa ya mwenzake,
na huyo alihama.

Nilianza kusoma elimu ya jamii nikiwa na miaka hamsini na nne,
baada ya kuendesha tramu mpaka magoti yakanigomea.
Mwalimu, Yrsa Lindeborg, ni mdogo kuliko binti yangu.
Jumatatu ya kwanza alichora mwili ubaoni.
Jamii, alisema, ni kiungo na kiungo;
ini haliuulizi moyo kwa nini unadunda.
Nikarudi, nikashuka ngazi, nikayatazama makufuli.
Kweli, nikasema, kidole kimoja hakivunji chawa.
Mwili ndio huu, unapumua sabuni.

Wiki ya pili aliufuta mwili, akachora kamba na watu wakiivuta.
Nani kasimama kwenye mteremko? akauliza.
Nikakumbuka: Jumamosi asubuhi ni ya ghorofa ya tano,
wale wenye roshani, tangu kabla sijahamia.
Nawras, anayesafisha wodi hospitalini,
hufua Jumanne saa tatu usiku,
na sare huivaa ikiwa bado na unyevu.
Niliandika: hakuna aliyempangia, ndivyo nafasi zilivyobaki.
Pembeni, kwa wino mwekundu: *Nani alizibakisha?*

Ya tatu ndiyo niliyoipenda.
Kwamba jamii haikai popote
ila baina ya wawili wanaopishana ngazini:
kichwa kinachoinama nusu, salamu ya silabi moja.
Mlangoni kulikuwa na karatasi:
ALIYEACHA NYUZI KWENYE CHUJIO ANAJIJUA.
Chini yake mtu kachora uso unaocheka.
Chini ya uso, mwandiko mwingine: *Si jambo la kuchekesha.*
Siku nne tulipishana kama watu wenye mayai mifukoni.
Kila mmoja alijijua.
Hata mimi, ambaye chujio sikuligusa.

Februari akafa Sixten Ahlbäck, namba kumi na nne.
Alikuja mtu wa manispaa, akaondoka na redio na maboksi mawili.
Kufuli likabaki: Alhamisi, saa moja jioni.
Leo ni wiki ya tisa, hakuna aliyelichomoa.
Mashine zinakaa midomo wazi saa mbili nzima
na sisi, vikapu mkononi, tunalalamika nafasi hazitoshi.

Chagua nadharia moja, alisema Yrsa, kurasa tatu.
Mwili? Mwili gani unaotunza kiungo kilichokwisha katika?
Kamba? Nimetafuta anayefaidi, nikapata vumbi.
Ishara, sawa, lakini hatujawahi kuliongelea,
na Sixten hakuna aliyemjua.
Mimi nilijua mashuka yake: mistari ya buluu,
pembe zimekunjwa kali kama bahasha.

Alhamisi iliyopita nilishuka bila kikapu.
Nawras alikuwa mbele ya ubao, koti mwilini,
kufuli lake kiganjani, mfuko wa nguo miguuni.
Alinitazama. Nilimtazama.
Nilitaka kumwambia, weka, weka tu, mtu wa watu;
mdomo ukafunguka, ukatoa ile salamu ya silabi moja.
Akalirudisha kufuli mfukoni,
akachukua mopu, akapiga deki sakafu kavu,
akapanda na nguo zake chafu.

Kurasa mbili nimeandika.
Ya tatu inatakiwa Jumatatu,
na nikikaa mezani nasikia chini
mashine hazizunguki.